Majilio: kumngoja Bwana kama mkulima anavyongoja mvua



Mpendwa msikilizaji, kila mwaka ifikapo mwisho wa Novemba tunatangaza hewani kwamba Kanisa limeingia katika kipindi cha Majilio, na kila mwaka maswali huja yaleyale. Majilio ni nini hasa? Ni Kwaresima ndogo? Ni lazima kufunga? Na sisi wa vigangoni, ambao padre hutufikia mara moja kwa mwezi au hata kwa nadra zaidi, tutajiandaaje katika majira haya ambayo kila mtu yuko shambani?

Makala hii inajibu maswali hayo. Ihifadhi kwenye simu yako, isome kidogo kidogo, na ukipata nafasi wasomee wanajumuiya wenzako. Tumefuata utaratibu wa Kanisa Katoliki, lakini ndugu zetu Walutheri, Waanglikana na Wamoravian nao huadhimisha Majilio, na mengi yaliyomo humu ni yetu sote.

Maana ya neno

Neno "majilio" linatokana na "kuja". Kwa Kilatini ni adventus, yaani kuja au kufika. Katika dola ya Warumi neno hilo lilitumika pia kwa ziara ya mfalme anayeingia mjini. Watu walijulishwa mapema, mji ukapambwa, nao wakatoka nje kumlaki.

Jambo hilo si geni kwetu. Ukiona greda linachonga barabara ya kijiji iliyosahauliwa mwaka mzima, unajua kuna mkubwa anakuja. Nabii Isaya, katika sura ya 40, anatumia mfano huohuo: njia ya Bwana itengenezwe nyikani, mabonde yafukiwe, vilima vishushwe, palipopinda panyooshwe. Ndiyo kazi ya Majilio. Tofauti ni kwamba barabara inayochongwa ni ya moyo, na greda halitoki wilayani. Kila mmoja ana jembe lake.

Lini huanza na lini huisha

Majilio huanza Dominika iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea Mtume. Kwa hiyo Dominika ya Kwanza haiwezi kuwa kabla ya 27 Novemba wala baada ya 3 Desemba. Mwaka 2025 ni 30 Novemba, mwaka 2026 ni 29 Novemba, mwaka 2027 ni 28 Novemba, na mwaka 2028 ni 3 Desemba. Kipindi huisha jioni ya tarehe 24 Desemba, tunapoingia Noeli.

Daima kuna Dominika nne, lakini siku hazilingani. Majilio marefu kabisa yana siku 28, na mafupi kabisa yana siku 22. Mwaka 2028 Dominika ya Nne itaangukia tarehe 24 Desemba yenyewe: asubuhi ni Majilio, jioni ni mkesha wa Noeli. Anayesema "nitaungama wiki ya mwisho" mwaka huo atakuta wiki ya mwisho haipo.

Siku hiyo ya kwanza ndiyo pia mwanzo wa mwaka mpya wa Kanisa. Masomo ya Dominika hupangwa kwa mzunguko wa miaka mitatu: Mwaka A tunasoma zaidi Injili ya Mathayo, Mwaka B ya Marko, Mwaka C ya Luka. Majilio ya 2025 yanafungua Mwaka A, ya 2026 Mwaka B, ya 2027 Mwaka C, kisha tunarudi mwanzo.

Kilivyoanza

Wakristo wa karne za kwanza hawakuwa na kipindi hiki. Kilikua polepole, baada ya sikukuu ya Noeli yenyewe kuenea. Mwaka 380 mtaguso wa maaskofu uliofanyika Saragossa, Hispania, uliwataka waamini wasikose kanisani kuanzia 17 Desemba hadi Epifania, 6 Januari. Baadaye huko Gallia, nchi ambayo leo ni Ufaransa, ikaingia desturi ya kufunga siku kadhaa za juma tangu sikukuu ya Mtakatifu Martino, 11 Novemba, mpaka Noeli. Roma ilishika kipindi kifupi zaidi, chenye furaha ya kungoja kuliko ukali wa mfungo, na hatimaye kikatulia katika Dominika nne. Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza Kanisa kuanzia mwaka 590 hadi 604, anakumbukwa kwa mahubiri yake ya majira hayo.

Hadi leo si Wakristo wote wanaolingana. Jimbo Kuu la Milano, Italia, lina Majilio ya wiki sita. Waorthodoksi hufunga siku 40 kabla ya Noeli.

Historia hii inaeleza kwa nini Majilio yana ladha mbili kwa pamoja: toba na furaha. Padre anavaa zambarau kama wakati wa Kwaresima, na wimbo wa "Utukufu kwa Mungu juu" hauimbwi siku za Dominika, maana tunautunza hadi usiku wa Noeli, malaika walipouimba. Lakini "Aleluya" haikomi, tofauti na Kwaresima. Ni toba ya mtu anayefagia nyumba huku akiimba, kwa sababu anamjua mgeni anayekuja.

Bwana anakuja mara ngapi?

Wengi wetu hudhani Majilio ni kuhesabu siku kuelekea 25 Desemba. Hiyo ni nusu yake tu. Kanisa limekigawa kipindi hiki sehemu mbili. Tangu Dominika ya Kwanza hadi 16 Desemba, masomo yanatuelekeza hasa kwenye siku ile Kristo atakaporudi kwa utukufu. Kuanzia 17 hadi 24 Desemba ndipo tunageukia Betlehemu: Yosefu, Maria, Elizabeti na Zakaria.

Mtakatifu Bernardo, abate wa Clairvaux nchini Ufaransa aliyefariki mwaka 1153, aliongeza jambo la tatu. Aliwafundisha watawa wake kwamba kati ya ujio wa kwanza, alipokuja katika unyonge wa mwili, na ujio wa mwisho atakapokuja katika utukufu, kuna ujio wa katikati, uliofichika, ambao kwao Bwana huja kila siku katika moyo wa anayempokea. Wa kwanza umekwisha kupita. Wa mwisho hatujui siku yake. Huo wa katikati ndio ulio mikononi mwetu, na ndio unaoamua kama ule wa kwanza utatufaa kitu na kama ule wa mwisho utatukuta tayari.

Mkulima na mvua mbili

Dominika ya Tatu ya Majilio katika Mwaka A tunasoma Waraka wa Mtume Yakobo, sura ya 5. Mtume anatafuta mfano wa mtu anayejua kungoja. Hamtaji mtawa wala mfalme. Anamtaja mkulima anayengojea mazao ya shamba kwa uvumilivu, hadi yapate mvua ya kwanza na mvua ya mwisho.

Katika nchi ya Yesu mvua ya kwanza hunyesha kuanzia Oktoba na Novemba, ikalainisha ardhi iliyokauka kiangazi chote, ndipo watu hulima na kupanda. Mvua ya mwisho huja Machi na Aprili, ikazijaza nafaka kabla ya mavuno. Kati ya hizo mbili kuna miezi ya kungoja.

Sasa tazama majira yetu. Majilio huangukia wakati ambapo Dodoma, Singida, Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma mvua za msimu zinaanza. Wako wanaopanda kwenye vumbi kabla tone halijaanguka. Mwenye kupanda hivyo hana uhakika, ila ana tumaini, na tumaini lake linaonekana: shamba limesafishwa, mbegu iko ardhini. Anayekaa barazani akitazama mawingu, jembe likiwa limeegemea ukuta, naye anasema anangoja mvua. Lakini ikinyesha haitamfaa kitu.

Ndiyo maana kungoja kwa Kikristo hakumaanishi kukaa bure, wala hakumaanishi kuacha kazi. Katika Injili ya Dominika ya Kwanza, Mwaka A (Mathayo 24:37-44), Yesu anasema watu wawili watakuwa shambani, mmoja atatwaliwa na mwingine ataachwa, na wanawake wawili watakuwa wakisaga, vivyo hivyo. Angalia: wote wako kazini, kwenye shamba lilelile na jiwe lilelile la kusagia. Kwa nje huwezi kuwatofautisha. Kilichowatofautisha ni namna kila mmoja alivyoishi na Mungu na jirani akiwa kazini. Bwana hatatuuliza kwa nini tulikuwa shambani Desemba. Atauliza mpaka wa shamba lile tuliuweka wapi.

"Tufanye nini basi?"

Mtu mkuu wa Majilio, pamoja na Isaya na Bikira Maria, ni Yohane Mbatizaji. Tunamsikia Dominika ya Pili na ya Tatu. Katika Luka 3:10-14 umati unamwendea na swali ambalo hata sisi tunalo: tufanye nini?

Majibu yake yanashangaza kwa kuwa ni ya kawaida sana. Hawaambii wahamie jangwani wakale nzige kama yeye. Mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya kilichoamriwa. Askari wasimwonee mtu wala kumsingizia, watosheke na mshahara wao. Kila mmoja anaambiwa arekebishe pale pale anaposimama kila siku.

Yohane akisimama leo kwenye mnada wa kijiji chetu, tunadhani angesema hivi:

Mnunuzi wa mazao, usimlazimishe mkulima kufunga lumbesa. Gunia lililopandishwa kilemba juu ni wizi, hata kama wote wanafanya.

Mkulima, usiweke mchanga katika pamba wala maji katika gunia ili uzito uongezeke.

Wewe uliyeajiri vibarua wa kupalilia, walipe. Mtoto wa kibarua naye anaingoja Noeli.

Mfugaji, kama ng'ombe wako waliingia usiku katika mahindi ya jirani, usingoje mtendaji wa kijiji akuite. Nenda mwenyewe.

Ndugu wa marehemu, rudisheni shamba la mjane na watoto wake.

Kiongozi, huduma ambayo ni haki ya mwananchi usiidai soda.

Na sote: tuache kumwita bibi kizee mchawi kwa sababu tu macho yake ni mekundu kwa moshi wa jikoni, na tuache kukimbilia ramli kila mtoto anapougua. Maneno hayo yameua watu.

Chukua mojawapo inayokugusa. Ukirekebisha hilo moja tu kabla ya Noeli, umefanya Majilio kweli. Ukiimba kwaya zote na hilo limebaki, hujayaanza.

Kupatana na mtu kabla ya sikukuu

Katika Mathayo 5:23-24 Yesu anasema kwamba ukileta sadaka altareni na ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka, uende kwanza kupatana naye. Angalia vizuri: hasemi wewe ukiwa na neno juu yake. Anasema yeye akiwa na neno juu yako. Aliyekosa ndiye wa kuanza safari.

Tunajua si rahisi. Kuna ndugu wa tumbo moja wanaopokea Komunyo katika misa moja na hawajasalimiana tangu baba yao azikwe. Haya yanaweza kusaidia.

Usiende peke yako kama ugomvi ni mzito. Mwombe mwenyekiti wa jumuiya, katekista au mzee anayeheshimiwa na pande zote akusindikize.

Usiende na historia yote. Nenda na kosa lako. Ukisema "nilikosa, ila na wewe..." umefungua kesi upya. Ishia kwenye "nilikosa."

Kama ni deni na huna pesa, usijifiche. Mwambie mdai ukweli, mpelekee kidogo ulicho nacho, na mkubaliane siku. Mara nyingi kinachouma zaidi ya deni ni kukimbiwa.

Kama ni wizi, rudisha. Padre anaweza kukuondolea dhambi, lakini msamaha hauifanyi mbuzi ya mtu kuwa yako. Anayetubu anapaswa kulipa kwa kadiri anavyoweza. Kama kujitokeza kutahatarisha maisha, muulize padre katika maungamo namna ya kurudisha.

Na akikataa kukusamehe? Mtume Paulo, Warumi 12:18, anatuomba tukae kwa amani na watu wote kwa kadiri inavyotutegemea sisi. Kadiri yako umeitimiza. Mwombee, msalimie unapokutana naye, na mwachie Mungu wakati.

Kwa mtu aliyepigwa au kudhulumiwa nyumbani tunasema wazi: kusamehe hakumaanishi kurudi mahali pa hatari. Unaweza kuondoa chuki moyoni na bado ukabaki mbali, na ukaomba msaada wa sheria.

Kuungama wakati padre yuko mbali

Sakramenti ya Kitubio ndiyo nguzo ya maandalizi yetu. Shida ya vigangoni inajulikana: padre mmoja, vigango vingi, barabara mbovu Desemba, na siku akifika foleni ni ndefu. Fanya hivi.

Kwanza, mwulize katekista mapema, tangu wiki ya kwanza, padre atafika lini na kama kutakuwa na siku ya maungamo parokiani. Waambie na wazee wasio na simu.

Pili, jiandae nyumbani. Chunguza dhamiri usiku, kimya, kabla ya kulala: mimi na Mungu, mimi na familia yangu, mimi na jirani, mimi na mali. Siku ya foleni si siku ya kuanza kukumbuka.

Tatu, ungama kwa ufupi na ukweli. Taja dhambi zako, si za mume, mke au mama mkwe. Kama umekaa miaka mingi bila kuungama na umesahau sala, mwambie padre hivyo tu, atakuongoza. Siri ya maungamo haifunguliwi kwa mtu yeyote, wala kwa sababu yoyote.

Nne, kama padre hatafika kabla ya Noeli, au mto umefurika ukashindwa kuvuka, usikate tamaa. Kanisa linafundisha kwamba mtu anayejuta dhambi zake kwa sababu ya kumpenda Mungu, na siyo kwa hofu ya adhabu tu, anapata msamaha hata wa dhambi za mauti, mradi amekusudia kwa dhati kuungama mara tu atakapopata nafasi. Hiyo huitwa toba kamili. Isitumike kama njia ya mkato na mtu ambaye padre yuko kilomita mbili kutoka kwake. Ila kwa mgonjwa kitandani na kwa aliye mbali, ni faraja kubwa. Nawe utakapompata padre, ungama.

Alama tunazoziona

Shada la Majilio ni duara la majani mabichi lenye mishumaa minne, mmoja ukiwashwa kila Dominika. Wengi hudhani ni desturi ya kale sana. Kwa kweli lilianza Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839. Mchungaji Mlutheri, Johann Hinrich Wichern, alikuwa na kituo cha kulea watoto maskini. Watoto walikuwa wakimuuliza kila siku kama Noeli imefika, ndipo akachukua gurudumu la mbao akaweka mishumaa: midogo kwa siku za kawaida, mikubwa kwa Dominika. Wakatoliki waliipokea desturi hiyo baadaye. Basi shada lilizaliwa katika nyumba ya maskini, kwa vifaa vilivyokuwepo. Huhitaji kununua la plastiki mjini. Ungo, majani mabichi na mishumaa minne vinatosha. Kama mishumaa ni ghali, koroboi moja ikiwashwa jioni wakati wa sala inasema jambo lilelile. Angalia tu watoto na nyumba za nyasi.

Dominika ya Tatu huitwa Dominika ya Furaha, kwa Kilatini Gaudete, na padre anaweza kuvaa rangi ya waridi. Zambarau imechanganyika na nuru. Tumevuka katikati ya safari.

Kuanzia 17 hadi 23 Desemba, katika Masifu ya Jioni, Kanisa humwita Kristo kwa majina saba, moja kila siku: Hekima, Bwana, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa mataifa, Emanueli. Kwa Kilatini, ukizichukua herufi za kwanza za majina hayo na kuzisoma kuanzia la mwisho kurudi la kwanza, unapata maneno yenye maana ya "kesho nitakuwepo". Ni kama Bwana anajibu sala ya wiki nzima.

Wiki kwa wiki nyumbani

Huu ni mpango mwepesi. Dakika kumi kila jioni, baada ya chakula, zinatosha. Biblia ya karatasi inafaa kama ile ya simu, tena haimalizi bando.

Wiki ya kwanza: kukesha. Soma Isaya 2:1-5 na Marko 13:33-37, mfano wa bwana aliyesafiri na kumwagiza bawabu akeshe, kwa kuwa hawajui kama atarudi jioni, usiku wa manane, jogoo awikapo au asubuhi. Tendo: chagua jambo moja la kurekebisha kabla ya Noeli. Moja tu.

Wiki ya pili: kutengeneza njia. Soma Isaya 40:1-11 na Mathayo 3:1-12. Tendo: anza safari ya kupatana, au peleka sehemu ya kwanza ya deni. Tarehe 8 Desemba tunamwadhimisha Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili; sali Rozari na familia.

Wiki ya tatu: kugawana. Soma Luka 3:10-18 na Isaya 35. Soma pia Mathayo 11:2-11, ambapo Yohane akiwa gerezani anatuma watu kumuuliza Yesu kama ndiye au wamngoje mwingine. Hata Yohane aliuliza. Nawe ukiwa na mashaka, mpelekee Bwana. Tendo: jumuiya itembelee mgonjwa, mzee anayeishi peke yake, au nyumba iliyoishiwa chakula.

Wiki ya nne: kumpokea. Soma Mathayo 1:18-24 na Luka 1:26-45. Yosefu alipanga jambo moja, Mungu akamwomba jingine, naye akaamka akatii. Maria, akiwa na mimba changa, alikwenda milimani kumsaidia Elizabeti. Tendo: mtembelee au msaidie mama mjamzito au aliyejifungua karibuni. Huenda hiyo ndiyo ibada iliyo karibu zaidi na Noeli kuliko zote.

Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Je, ni lazima kufunga? Kanisa Katoliki haliamuru mfungo wa Majilio. Ijumaa zinabaki siku za toba kama mwaka mzima. Unaweza kujinyima kwa hiari: pombe, soda, au maneno. Kile ulichojinyima kimfikie mhitaji. Wagonjwa, wajawazito na wanaolima kutwa nzima wale chakula chao.

Je, ndoa zinakatazwa? Hazikatazwi kabisa, lakini parokia nyingi hushauri harusi zenye shamrashamra zisubiri baada ya Noeli. Zungumza na paroko.

Sisi tunaishi pamoja bila ndoa ya Kanisa. Majilio ni yetu pia? Ndiyo. Hamjatengwa na Kanisa. Njooni misani, salini, wafundisheni watoto, toeni msaada. Na tendo lenu moja la Majilio haya linaweza kuwa kumwendea katekista na kumuuliza hatua za kufunga ndoa. Mara nyingi kinachozuia ni hofu ya gharama za sherehe. Sakramenti yenyewe haihitaji mashine ya muziki wala keki.

Je, ni dhambi kununua nguo mpya na kuchinja? Hapana. Furaha ya mwili nayo ni sifa kwa Mungu aliyechukua mwili. Lakini Desemba ghala linapungua, na Januari watoto wanarudi shule. Usiuze gunia la akiba ya chakula kwa ajili ya siku moja. Mtoto wa Betlehemu alilazwa horini. Hataona aibu kukuta watoto wako wamevaa nguo iliyofuliwa.

Waadventista wana uhusiano gani na Majilio? Jina lao linatokana na neno lilelile la Kilatini, kwa sababu wanasisitiza kurudi kwa Kristo. Lakini wao hawana kipindi hiki katika kalenda yao.

Neno la mwisho

Mpendwa msikilizaji, mbegu iliyo ardhini haionekani, na mwenye shamba hawezi kuivuta iote. Alichoweza ni kusafisha, kupanda na kutokata tamaa. Mvua ni ya Mungu. Hivyo ndivyo tunavyomngoja Bwana: tukifanya sehemu yetu ndogo, kwa majina ya watu na siku za kalenda, na kumwachia Yeye sehemu kubwa.

Usiku wa leo, kabla hujazima taa, jiulize swali moja: ni nani katika kijiji hiki angefurahi kuona nakuja kwake kabla ya Noeli? Jina lililokujia kwanza, huenda ndiko Bwana anakopitia.

Tuwatakie sote Majilio mema.